Siwa Ilie Mlango Upi?

Hapo zamani, enyi mnaopenda kuhukumu watu kabla hamjamaliza kuwasikiliza, palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Kitundwini, na mji huo ulikuwa na siwa, baragumu kubwa la shaba. Kila msimu wa harusi siwa ililia mlangoni kwa bibi arusi mmoja tu. Huyo mmoja alisifiwa hadi uzeeni. Waliobaki waliolewa kimya kimya, na watu wa Kitundwini, wema kama walivyo, hawakukosa kuwakumbusha.

Bi Mize alikuwa mmoja wa waliokumbushwa. Siku aliyoolewa na Famau sonara, siwa ililia mtaa wa pili. Aliisikia akiwa na hina mbichi mikononi, hata machozi asiweze kuyafuta. Akaapa kwamba akizaa binti, siwa itamlilia. Sasa binti yake Somoe alikuwa anaolewa Ijumaa, Famau amekwisha kufa, na Bi Mize hakuwa na dua nyingine.

Basi mpiga siwa akateleza ngazini, siwa ikapasuka. Alipojaribu kuipuliza ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Liwali wa mji akatangaza: "Atakayeiunga, siwa italia mlangoni kwake."

Shee mfua shaba, ambaye naye alikuwa akimwoza binti yake Ijumaa hiyohiyo, akavua kanzu akawasha makaa. Shaba ilipopata moto ikafanya utando mweusi. Unga wa shaba alioutia kwenye ufa ukayeyuka, ukajiviringa vishanga vishanga, ukaanguka chini.

"Moto wa leo mbaya," akasema Shee. Kila alipoharibu kazi, moto ndio uliokuwa mbaya.

Lakini mji mzima ulijua kinachokosekana. Ni dawa ya marehemu Famau, ile inayoondoa utando ili shaba ishikane na shaba. Famau alikuwa na wake wawili na nyumba mbili. Alimfundisha mke mkubwa, Bi Mize, kukaanga tinkali, ile chumvi nyeupe ya masonara. Akamfundisha mke mdogo, Bi Zena, kuikoroga. Dawa nzima hakumfundisha yeyote. Alibeba bakuli mwenyewe kutoka jiko hili hadi jiko lile, na hivyo ndivyo alivyowapenda wake zake sawasawa. Alipokufa, wanawake hao hawakuwa wakisemezana hata salamu.

Bi Mize akakaanga, akasaga, akamletea Shee unga mkavu. Mivukuto ya kupulizia makaa ikavuma. Unga wote ukaruka ukakaa ndevuni kwa Shee.

Bi Zena, ambaye binti yake Mwanate pia alikuwa bibi arusi wa Ijumaa, akaleta tinkali mbichi aliyoikoroga. Ilipoonja moto ikaumuka kama andazi, ikasukuma unga wa shaba nje ya ufa.

Bi Mize akacheka sana. Kisha akamkumbuka Somoe, kicheko kikamkauka.

"Mpelekee mwenzangu unga wangu akoroge," akamwambia Shee. "Ila usimwambie nimeufanyaje."

"Nitakoroga," Bi Zena akajibu, "lakini mlango nafunga."

Basi Shee akabeba bakuli. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake, milango hakuigusa. Alichungulia madirishani. Huku kwa Bi Mize akaona tinkali nyingine ikikaangwa hadi ikaumuka, ikatulia, ikawa kioo, ikatwangwa. Kule kwa Bi Zena akaona unga huo ukikorogwa na maji mazito ya mchele pamoja na chumvi kidogo, ili ushike. Akaipaka dawa kwenye ufa, akavukuta. Safari hii dawa ikatandaa, shaba ikang'aa, na unga wa shaba ukayeyuka ukaingia ufani wote. Siwa ikapona.

Wakaenda kwa Liwali.

Bi Mize akasema: "Bwana Liwali, bila kukaangwa, tinkali inatema shaba. Wote mliona. Siwa ni ya Somoe wangu."

Bi Zena akasema: "Bwana Liwali, bila kukorogwa, unga unapeperuka. Muulize Shee na ndevu zake. Siwa ni ya Mwanate wangu."

Shee akasema: "Bwana Liwali, hawa wakaange na kukoroga hadi kiama, ufa utabaki ufa. Moto nimewasha mimi, mkono ni wangu. Tena siwa ikipasuka mwakani, ni nani aijuaye dawa nzima kama si mimi?"

Wanawake wakamgeukia kwa pamoja. "Umeijuaje?"

Shee akatazama dari.

Liwali akakuna kichwa, kisha uso ukamng'aa. "Dawa ni ya marehemu Famau, na wawili kati ya mabibi arusi hawa watatu ni binti zake. Siwa ilie mlangoni kwa Famau!"

"Mlango upi?" wakauliza Bi Mize na Bi Zena, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu walipojuana.

Liwali akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni.

Ijumaa ikafika. Somoe amekaa kitandani, hina mbichi mikononi, na Bi Mize amekaa kando yake, roho juu, sikio mlangoni. Mtaa wa pili Mwanate amekaa vivyo hivyo na mama yake. Na Batuli, binti wa Shee, naye amekaa, baba yake anamwambia asiwe na wasiwasi. Njia panda amesimama mpiga siwa, siwa imeng'aa, pumzi ameijaza kifuani, na hakuna aliyemwambia ageukie wapi.

Mashavu yanamuuma, wenzangu. Mwambieni nyinyi. Aliyekaanga, aliyekoroga, au aliyechungulia akaunga? Je, nani alistahili?