Gogo Lisilovaa Nguo

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa gogo!
— Jeusi, liko uchi!
Nani kalivua?
— Wivu!

Haya, sogeeni. Hapo zamani, huko milimani ambako ukungu hulala mpaka jua likasirike, palikuwa na mrina asali, jina lake Mwadime. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa Mghoi, mdogo Wakesho.

Mghoi alikuwa na nyumba nzuri, ghala limejaa, kuku wengi. Lakini asali ikitoka msituni, mtungi wa kwanza ulikwenda kwa Wakesho, maana ndiye aliyesuka vienge, yale matita ya majani makavu ya kufukizia nyuki. Mtungi ukipita mlangoni pa Mghoi, roho yake iliwaka. Iliwaka asubuhi, iliwaka mchana, iliwaka hata tonge likiwa mdomoni. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mghoi alishiriki, akakonda mpaka nguo zikamdondoka.

Siku moja akaiba kienge cha Wakesho, akakiwasha, akakitupa chini ya mti wenye mizinga. Alitaka kuchoma mizinga tu. Lakini moto haujui “tu.” Upepo ukaja, ubavu mzima wa mlima ukateketea.

Watu wakakuta kishikio cha kienge kwenye majivu.

“Cha nani hiki?” Mghoi akauliza. Mnasikia? Wa kwanza kuuliza!

“Msuko ni wangu,” Wakesho akasema. “Mkono si wangu.”

Hakuna aliyemsikiliza. Desturi yao ilikuwa hivi: mke aliyechoma msitu hurudishwa kwao. Gogo lililoungua husimikwa uani, na mke mwenzake hutaja sharti la kumrudisha. Likishatajwa halibadilishwi.

Mghoi akaligonga gogo kwa kofi. “Gogo hili likivaa nguo, na arudi!”

Watu wakaguna. Gogo livae nguo? Si afadhali useme asirudi kabisa!

Wakesho akajitwika mzigo wake. “Bi Mkubwa, umesema nguo. Hukusema ya kushonwa.” Akaenda zake.

Basi Mghoi akabaki na mume peke yake. Akafurahi? Wapi! Mwadime alikula, macho kwenye njia ya kwa kina Wakesho. Mghoi akaionea wivu hata njia.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Asubuhi moja Mghoi akaona doa la kijivu juu ya gogo. Akaligusa. Halitoki. Gogo linaanza kuvaa! Akachukua kisu:

“Kwangua, kwangua, usivae!
Kwangua, kwangua, asirudi!”

Unga wa kijivu ukaruka, upepo ukauchukua mlimani.

Doa likarudi, sasa lina pindo. Kwangua, kwangua, usivae! Upepo ukachukua.

Likarudi tena, limeshika ubavu mzima, lina marinda. Mghoi akakwangua mpaka jasho likamtoka. Kwangua, kwangua, asirudi! Upepo ukachukua wote.

Jamani, mnakijua alichokuwa akikwangua? Ni kuvumwani, ule ukoko unaoota juu ya magogo na mawe. Lisikilizeni jina lenyewe: kuvu na mwani, wawili katika nguo moja. Kuvu ana nyumba, hana chakula. Mwani anajua kupika, hana nyumba. Na kila chembe ya unga wake ni mbegu.

Mvua zikapita tena, Mghoi akikwangua. Siku moja Mwadime akarudi kutoka mlimani akihema. “Njooni muone! Njooni nyote!”

Watu wakapanda. Magogo yote yaliyoungua yamevaa! Moja la kijivu, jingine la kijani, jingine la manjano kama bizari. Wakashuka mpaka uani kwa Mwadime, wakalitazama gogo la Mghoi. Jeusi. Limejaa alama za kisu.

“Mlima mzima umevaa,” Mwadime akasema. “La uani kwangu tu liko uchi. Nani analivua?”

Akaushika mkono wa mkewe. Chini ya kucha, unga wa kijivu.

“Mke wangu, kwa nini hutaki Wakesho arudi?”

Mghoi akalia. “Ataulizwa tena, na safari hii atasikilizwa. Kienge nilikitupa mimi. Nilimwonea wivu. Bado namwonea.”

Njia ya mwongo ni fupi. Wakesho akaitwa, akaja. Na desturi ni desturi: sasa Mghoi ndiye wa kwenda, na Wakesho ndiye wa kutaja sharti. Gogo jipya likasimikwa, jeusi tititi. Watu wakasogea. Mghoi akainamisha kichwa, akingoja kuambiwa arudi jiwe likiota mabawa.

Wakesho akaliwekea gogo mkono. “Gogo hili likivaa nguo, na arudi.”

“Maneno yangu hayo!” Mghoi akasema.

“Ni yako, Bi Mkubwa. Ila mimi sina kisu.”

Mghoi akajitwika mzigo. Alipofika kona ya njia akageuka mara moja. Wakesho alikuwa analinyunyizia gogo maji.

Hadithi yangu imeshavaa nguo. Mwenye wivu na aikwangue.
— Upepo utaichukua!