Nakala ya Saa Nne

Kwa miaka kumi na minne Karangwa alitunza kompyuta za zahanati moja ya Kabeza, na kila mtu alimheshimu. Kisha akaajiriwa Alida, msichana aliyelelewa Bujumbura, sifa zote zikahama.

"Alida ananakili rekodi zetu saa nne asubuhi, na hakuna muuguzi anayeacha kuandika!" mkurugenzi, Mama Daphrose, alisema mbele ya wote. Karangwa alitabasamu, lakini wivu ulimchoma kama kijiwe ndani ya kiatu. Yeye alikuwa akingoja wauguzi wafunge kazi jioni ndipo anakili.

"Mzee, nikuonyeshe?" Alida alimwambia kwa adabu. "Kuna hatua moja kabla ya kunakili."

"Binti, nilikuwa nikifanya kazi hii wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako."

Siku moja Karangwa alimchungulia, akaona faili zikihama huku wauguzi wakiandika. Kumbe ni hilo tu! Akamshawishi Daphrose amrudishie kazi yake. Wiki tatu akanakili saa nne kamili, kifua mbele.

Ndipo diski yenye rekodi ikafa. Karangwa akarudisha nakala yake. Muuguzi Mukabalisa akafungua kadi ya kwanza, akaangua kicheko.

"Yewe! Mzee Nkusi ana mimba ya miezi saba!"

Kadi ya pili haikumchekesha mtu. Mama ambaye penisilini ingemuua alikuwa ameandikiwa penisilini, na mkono wa gauni alikwisha kuukunja. Mukabalisa, aliyemfahamu mama huyo, akaiweka sindano chini.

"Orodha ya majina ilinakiliwa kwanza, kadi baadaye," Alida alieleza, "na katikati wauguzi waliongeza wagonjwa. Majina yakaangukia kadi za wengine. Mimi huiamuru kompyuta ishike kwanza picha ya diski nzima ilivyo dakika ile, kisha nanakili hiyo picha. Yenyewe haibadiliki, hata watu wakiandika."

Nakala nzima ya mwisho ilikuwa ya Alida, ya wiki tatu nyuma. Yaliyobaki ilibidi wagonjwa waulizwe upya, na Daphrose akamkabidhi Karangwa kazi hiyo. Siku nane alikaa mapokezi: "Uliumwa nini, mama? Ulipewa dawa gani?" Aliyekataa kuuliza swali moja akauliza mia sita.

Alipomaliza, alivuta kiti karibu na Alida, sauti imemkauka.

"Mwalimu, hiyo picha inashikwaje?"

Hakika, kuuliza si ujinga.