Nani Aichukue Tuzo ya Semkiwa

Mpo? Mbona mnaitikia kama watu waliofunga? Mpo! Haya, afadhali. Leo sina sungura, sina fisi, sina binti wa mfalme. Leo nina watu wanne na tuzo moja, na nawaambia mapema kabisa kwamba hadithi hii imenishinda. Nimeibeba siku nyingi, nimechoka nayo, sasa naileta kwenu. Anayetaka kuondoka aondoke sasa hivi. Nikishaanza sitaki kuona mtu ananyanyuka eti anakwenda kuchungulia chungu jikoni.

Wa kwanza ni Semkiwa. Huyu alikuwa mpiga mieleka pale Korogwe, kwenye ghala la zamani la mkonge, kila Jumapili. Ni mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi anajulikana kabla watu hawajavua viatu. Jina lake la ulingoni lilikuwa Tingatinga, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alimnyanyua mtu mzima, akamweka begani, akamzungusha, akambwaga, na watu wakapiga kelele mpaka mabati yakalia.

Wa pili ni Mbelwa, na kipaji chake kilikuwa kuanguka. Wewe, usicheke! Kuanguka ni kazi. Ukianguka vibaya unaumia, na ukianguka kwa uangalifu kupita kiasi watu wanajua mnawadanganya, wanadai viingilio vyao. Mbelwa alianguka ukashika kichwa, kisha akaamka mzima. Yeye ndiye alikuwa mtu mbaya wa ulingoni, jina lake Nunda. Alizomewa, akarushiwa maganda ya machungwa, akabwagwa kila Jumapili, halafu yeye na Tingatinga wakarudi nyumbani kwa baiskeli moja. Sasa niambieni, bila mtu wa kuanguka vile, nani angejua kwamba Semkiwa ana nguvu?

Wa tatu ni Bi Mwantumu, mama wa makamo aliyeigiza michezo ya redio tangu ujana wake. Kipaji chake kilikuwa kuliza watu. Mama huyu angekusomea bei ya vitunguu ukatafuta leso.

Na wa nne ni Sikudhani, mwongozaji wa tamthilia za televisheni, dada wa maneno machache. Kipaji chake kilikuwa jicho. Kamera aliishika mwenyewe, hakumwamini mtu.

Siku moja huyo Sikudhani aliingia ghalani kutazama mieleka, akamwona Semkiwa, akamwambia, "Kaka, uso wako unafaa. Njoo uigize."

Semkiwa akajibu, "Nitakuja, lakini nakuja na huyu." Akamshika Mbelwa bega. "Bila yeye mimi ni jitu tu limesimama." Mnaona? Mpaka hapo ni rafiki mzuri, hana baya.

Wakapelekwa kwa Bi Mwantumu wafundishwe. Mbelwa hakuwa na shida. Shida ilikuwa Semkiwa, na ilitokana na desturi moja ya ulingoni ambayo lazima niwaeleze. Wapiga mieleka wanazungumza kwa mikono. Wakishikana, watazamaji wanaona ugomvi, kumbe viganja vinasemezana. Ukimbana mwenzako mara moja, unamwambia uko tayari, akunyanyue. Ukimbana tena na tena kwa nguvu, unamwambia, "Nimeumia kweli, si maigizo, acha." Hapo mwenzako anaacha hata kama ghala zima linashangilia. Hiyo ndiyo amana yao. Basi Mbelwa, kwa utani wake, mara nyingine alibana hivyo kwa uongo, apate tu kumwona Tingatinga anavyobadilika rangi. Wakirudi na baiskeli walicheka njia nzima.

Kwa hiyo Semkiwa akiigiza, akili yake yote ilikuwa kwenye viganja vya mwenzake. Macho yamekauka, maneno yanatoka kama anasoma kibao cha duka. Siku moja wanafanya mazoezi, Bi Mwantumu akamnyang'anya mkono wake.

"Baba, unaigiza na mimi au unanipima presha?"

"Nisamehe, mwalimu. Ni mazoea."

"Ya ulingoni yaache ulingoni! Hapa mikono haisemi kitu. Sikiliza moyo wako. Na ukisikia uchungu wakati kamera inakutazama, usiukimbie. Utumie."

Akamwambia hivyo leo, kesho, keshokutwa, mpaka Semkiwa akaacha kusikiliza mikono. Akaanza kuigiza kama mtu. Akapewa nafasi kubwa: kaka anayegombana na mdogo wake kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yao. Mdogo mtu akapewa Mbelwa.

Sasa kaeni sawa, tumefika.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kupiga ile picha ya ugomvi. Imeandikwa hivi: kaka anamnyanyua mdogo wake kwa hasira, anambwaga uani, mdogo anakufa. Kaka anapiga magoti, anamshika mkono, analia. Kisha anambeba begani, anatembea naye mpaka mlangoni kwa mama yao. Sikudhani akaagiza liletwe godoro la kuangukia.

Mbelwa akacheka. "Godoro? Dada, mimi naanguka kwenye saruji tangu wewe unanyonya. Liondoe, litaonekana."

Likaondolewa. Kamera ikawashwa. Semkiwa akamnyanyua, akambwaga.

Mlio aliousikia haukuwa mlio wa Mbelwa wa siku zote. Hata hivyo akapiga magoti, akamshika mkono kama ilivyoandikwa. Kiganja kikabana, kikabana tena. Semkiwa akasema moyoni, huyu ameanza utani wake. Kikabana tena. Kikabana tena na tena, kucha zikamwingia kwenye nyama, na hapo akajua. Msiniulize alijuaje. Watu waliobebana miaka yote ile wanajua. Mbelwa hakupiga kelele, kwa sababu yeye ni maiti kwa mujibu wa hadithi, na kwa sababu mtu wa ulingoni hapigi kelele. Alikuwa amesema kwa mkono, alidhani inatosha.

Machozi yakamtoka Semkiwa ya kweli. Alilia kilio ambacho hakuwahi kulia hata msibani. Halafu akafanya nini? Nauliza, akafanya nini? Akamnyanyua! Jamani! Mtu amekubana kiganja, amekwambia acha, na wewe ukamwinua, ukamtupia begani, ukatembea naye mpaka mlangoni unalia!

Na msimwone peke yake. Sikudhani alikuwa nyuma ya kamera, na jicho lake lile halikosi kitu. Aliuona mguu wa Mbelwa umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Neno "kata", lile la kusimamisha kila kitu, lilimfika mdomoni. Akalimeza, akasogeza kamera karibu na uso wa Semkiwa. Bi Mwantumu naye alikuwa amesimama pembeni, analia kwa furaha, ananong'ona, "Hapo hapo, baba. Utumie."

Daktari alisema nyonga imevunjika. Akasema pia jambo ambalo ni heri asingelisema: kama mgonjwa angeachwa alipolala akabebwa kwa machela, angepona vizuri. Kule kunyanyuliwa na kutikiswa ndiko kulikomharibu. Mbelwa sasa anatembea kwa magongo. Kuanguka kwake ndiyo basi tena.

Tamthilia ikaonyeshwa. Weee! Saluni hazikusuka, watu wanalia. Wanaume waliacha chakula mezani. Wote walisema ile picha ya kaka anayelia amembeba mdogo wake haijapata kuonekana. Mwaka ulipoisha, Semkiwa akaitwa jukwaani, akapewa tuzo ya mwigizaji bora. Hakuinua macho, watu wakasema, tazameni alivyo mnyenyekevu.

Alipofika nayo nyumbani aliiweka juu ya kabati. Akashindwa kula akiwa anaitazama. Akaigeuza ikatazama ukuta, akaona haya zaidi. Kila mtu aliyempongeza njiani alikuwa kama anamtukana. Mwisho akapiga moyo konde, akawaita Bi Mwantumu na Sikudhani nyumbani kwa Mbelwa, Jumamosi mchana. Wakakaa mkekani, Mbelwa kwenye kiti chake. Semkiwa akaiweka tuzo katikati.

"Mbelwa," akasema, "nilijua. Ulinibana na nikajua si utani. Nikajiambia, nikiacha sasa sitalia tena hivi maisha yangu yote. Nikakunyanyua." Akafuta uso kwa mkono. "Tuzo hii siyo yangu. Ni ya mmoja wenu. Semeni nani, nimpe, nipumzike."

Hakuna aliyeigusa.

Bi Mwantumu akaanza. "Mimi nilikufundisha kulia, ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyekuziba masikio ya mikono yako. Mkono wa mtu unaomba msaada, mimi nimeshakwambia mikono haisemi kitu! Nikiichukua hii, nitakuwa nasema nilifundisha vizuri. Mpe Sikudhani. Bila jicho lake, nani angekiona hicho kilio?"

Sikudhani akaisukuma kwa kidole. "Niliuona mguu, mama. Niliuona. Nilikuwa na neno moja tu la kusema siku ile, ndiyo kazi yangu, na sikulisema. Nikiichukua, nitakuwa nimelipwa kwa kunyamaza. Mpeni Mbelwa. Yeye ndiye aliyevunjika."

Wote wakamtazama Mbelwa. Alikuwa anasugua gongo lake na kidole gumba.

"Na mimi sijatoka mzima humo," akasema. "Godoro nililikataa kwa majivuno yangu. Na wewe ndugu yangu nilikuzoesha uongo kwenye hicho kiganja, mpaka la kweli lilipokuja likachelewa kuaminika. Hayo nayakubali. Lakini tuzo siichukui."

"Kwa nini, ndugu yangu? Ni yako!"

"Kwa sababu nikiichukua, maana yake nimekusamehe. Na mimi sijajua kama nimekusamehe. Naamka asubuhi nimekusamehe. Nikitaka kwenda chooni nikayatafuta haya magongo, sijakusamehe."

Semkiwa akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Basi nairudisha kwa walionipa. Nitawaambia ukweli wote."

"Thubutu!" Mbelwa akagonga gongo sakafuni, kila mtu akashtuka. "Nimevunjika nyonga kwa ajili ya picha ile! Ni kitu kizuri, nimekiona kwa macho yangu, hata mimi nililia. Ukiirudisha hiyo tuzo, nitakuwa nimevunjika bure."

"Basi nibaki nayo?"

"Ukibaki nayo nitakuwa naiona kichwani mwangu kila siku, inang'aa huko kwako."

"Sasa unataka nifanyeje, Mbelwa?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyeileta."

Hapo mke wa Mbelwa, Mama Hiza, akatoka jikoni na trei ya chai, birika linafuka moshi. Hakuwa amesikia hata neno moja. Akaangalia mkekani, nafasi hakuna.

"Shemeji, hebu nitoleeni hiki kidude niweke chai. Kinakaa wapi?"

Bi Mwantumu akatazama dari. Sikudhani akatazama kucha zake. Semkiwa akamtazama Mbelwa, na Mbelwa akatazama mlangoni.

"Nauliza nyie! Trei ina moto. Cha nani hiki?"

Na mimi mpaka leo nimemwacha amesimama hapo, kwa sababu sina jibu. Naona mnanong'onezana. Huyu anasema apewe aliyeanguka. Huyu anasema aliyefundisha. Yule kule anasema aliyeona, na huyu mama hapa mbele ananuna, anasema Semkiwa abaki nayo imle roho mpaka mwisho. Semeni kwa sauti. Lakini kabla hujasema, kumbuka mtu utakayemtaja atalala na hicho kitu chumbani kwake, na Mbelwa atakuwa anakusikia. Mama wa watu mikono inamuungua. Wewe ungemwambia aiweke kwa nani?