Aogopaye Mkasi Hufuga Kamba

Aogopaye mkasi hufuga kamba. Methali hii ilianza hivi, na Mzee Semboja, karani wa reli aliyestaafu akabaki na kazi ya maneno tu, aliwaapia wajukuu waliokuwa wametoka kumsikia bibi yao akiitamka jikoni:

"Ni kweli tupu. Mkinishika na uongo, zikateni ndevu hizi."

Akazishika. Zilikuwa nyembamba, zimeshuka mpaka kifungo cha tatu cha shati.

Basi, Mombo palikuwa na mwanamke, tumwite Bi Mwajabu. Mama yake alipofariki alimwachia kopo lililoning'inia barazani, na ndani yake ua la kutambaa, majani ya zambarau yenye michirizi ya fedha, yanang'aa kama yamepakwa samli. Neno la mwisho la marehemu lilikuwa, "Mwanangu, ua langu lisikufie." Bi Mwajabu akala yamini: chuma hakitaligusa.

Alilitunza kwelikweli. Alilinywesha maji aliyooshea mchele, akalifuta vumbi jani kwa jani. Ua likarefuka. Likateremka barazani, likapita kwa jirani, likavuka reli, ikawa treni ya Moshi inasimama kwanza lisogezwe.

"Babu!" Tunu, mjukuu mkubwa, akacheka.

"Nilikuwa karani wa reli mimi au wewe?"

Lakini kadiri mkia ulivyorefuka, kichwa kiliota upara. Koponi vikabaki vijiti vikavu. Majani yalikuwa nchani tu, nayo yanapauka.

"Mama, zikate ncha uzipande upya," binti yake alimsihi. "Linakufa hili."

"Mkasi kwa ua la mama yangu? Thubutu!"

Siku moja wakaja wageni kumposa binti, na mbuzi wao. Bi Mwajabu alipotoka na sinia la kahawa, alimkuta mbuzi amefungwa shingoni kwa ua la marehemu.

"Jamani! Mnafanya nini?"

"Tuwie radhi, mama," mshenga akasema. "Tumeona kamba imekaa bure."

Kamba! Bi Mwajabu akaitazama. Toka koponi hadi shingoni kwa mbuzi, hapakuwa na jani hata moja. Mgeni hakukosea. Yeye ndiye aliyekuwa akimwua mama mara ya pili, tena kwa mapenzi. Akatua sinia, akaingia ndani, akarudi na mkasi wa kushonea.

"Mama, polepole," binti akasema.

"Nikienda polepole nitaghairi."

Akakata. Kila ncha aliikata chini ya kifundo, akaipukusa majani ya chini, akaichomeka katika kopo lilelile la mama yake, akishindilia udongo kwa kidole gumba huku machozi yakimtoka. Mvua za vuli hazijaisha, kopo lilifurika zambarau. Tangu hapo mkia ukianza kujivuna, anaudokoa. Na mbuzi yule...

"Mbuzi gani, baba Hatibu?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Bi Mwajabu ni mama yangu," aliwaambia wajukuu. "Na siku hiyo hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na kijana mmoja amekuja na wazee wake kuposa, kalowa mvua chapachapa. Akaona ua la marehemu, akadhani kamba, akaanika koti lake."

Wajukuu wakamgeukia babu. Babu akawa anatazama darini kama anayetafuta kitu.

"Mbuzi mwenyewe ndiye huyo," bibi akasema. "Tunu, lete mkasi."

"Mama Hatibu, ndevu hizi nimezilea tangu nistaafu!"

"Zitazame basi. Juu upara, chini mkia."

Tunu alirudi na mkasi wa kushonea, wa zamani, mpini umechakaa. Mzee Semboja akautambua. Akainua kidevu, akafumba macho.

"Haya, kateni. Lakini treni ilisimama," alisema. Kisha akashusha pumzi. "Aogopaye mkasi hufuga kamba."