Makufuli ya Mhina

Mtu mmoja alikuwa na pikipiki moja na majirani wa vyumba vitano. Pikipiki aliinunua. Majirani aliwakuta.

Jina lake lilikuwa Mhina, na kazi yake kuteremsha maziwa. Kila alfajiri alipanda vilimani kwa wafugaji, akajaza madumu, akayafikisha mjini kabla jua halijachanganya. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo kwa baiskeli, hata goti lake la kulia likaharibika. Mganga wa hospitali alimwambia wazi kwamba akiendelea kukanyaga pedali kwenye vilima vile, itafika siku hataweza kusimama. Ndipo Mhina alipouza ng'ombe wake wawili, wale pekee aliokuwa nao, akanunua pikipiki. Kwa hiyo msidhani ilikuwa chombo tu cha kutembelea. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa goti lake, na bila hiyo maziwa yasingeshuka, na yeye na mkewe Mwantumu wasingekula.

Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba sita vinavyotazama ua mmoja, na ua ulikuwa na mlango mmoja wa mbavuni uliotokea barabarani. Asubuhi na mchana mlango huo haukufungwa, kwa sababu kila mtu alipita hapo. Katika nyumba hiyo palikuwa na desturi moja ndogo. Mtu akiacha kitu uani, iwe nguo kambani, iwe mchele juani, iwe sufuria jikoni, alimwambia yeyote aliyekuwepo: "Mtaniangalizia." Naye aliyekuwepo alijibu: "Nenda, tupo." Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeianzisha. Ilisemwa kama watu wanavyosema hodi na karibu, na aliyeisema alikwenda zake na moyo mweupe.

Mhina naye aliisema. Aliporudi na madumu matupu, kwenye saa nne, aliiegesha pikipiki chini ya upenu wa jiko, akasema maneno yale, akaingia ndani kulala usingizi wa mtu aliyeamka saa tisa za usiku. Bi Semeni, mama mtu mzima aliyeshona nguo za watu hapo uani, cherehani yake ikiutazama mlango, alimjibu bila kuinua uso. Mvua ikinyesha, Mhina aliamka akaikuta siti imefunikwa gunia. Petroli ilipovuja siku moja, waligonga dirisha lake. Na kijana mmoja mgeni alipoingia akaikalia na kuanza kuchezea swichi, Mzee Kibua wa chumba cha mwisho alimkaribisha kigoda, akamwuliza yeye ni wa ukoo gani, na mama yake anatoka wapi, na baba yake alizikwa wapi, mpaka yule kijana akaondoka mwenyewe. Mhina alisimuliwa habari hiyo jioni akacheka, kisha akaisahau.

Ikatokea kwamba mtaa wa pili iliibwa pikipiki nyumbani kwa mtu. Mhina alikwenda kutoa pole. Aliyeibiwa alikuwa ameketi kwenye tofali, ufunguo mkononi, anaugeuzageuza kama haujui. Mhina alirudi nyumbani na hofu. Nani atamlaumu? Kesho yake alikwenda dukani akanunua kufuli. Nasema hivi ili nieleweke: kwa kununua kufuli hakukosea. Mwenye mali na aifunge.

Lakini muuza makufuli alikuwa mtu wa maneno. Alimwambia kwamba pikipiki ya nyumbani haiibwi na mpita njia, huibwa na mtu anayeijua nyumba. Mhina alinunua kufuli, na maneno yale akapewa bure. Kufuli alilitia kwenye gurudumu la mbele. Maneno aliyatia moyoni, na hayo ndiyo yaliyofanya kazi zaidi.

Tangu siku hiyo alianza kuwahesabu watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Aliona kwamba Bi Semeni anajua saa anayotoka na saa anayorudi. Aliona kwamba Mzee Kibua hana kazi, na anashinda anatazama. Siku moja alikuta kifuniko cha tangi hakijakaza, akasahau kwamba ni yeye aliyetia mafuta asubuhi ile kwa haraka. Akanunua mnyororo, akachimbia pete ya chuma ardhini na kuimwagia zege, akaufunga mnyororo kwenye pete kwa kufuli la pili. Na kwa kuwa sasa aliifunga mwenyewe, aliona hakuna haja tena ya kumwambia mtu amwangalizie. Aliegesha, akafunga, akaingia ndani kimya. Siku za mwanzo Bi Semeni alijibu "Tupo" hata bila kuambiwa, kwa mazoea. Baadaye akaacha.

Kisha akaweka king'ora. Kilikuwa kikali, kikilia hata kwa kuguswa na paka. Wanawake walipotwanga, ardhi ilitikisika kidogo nacho kikalia, na Mhina akatoka chumbani macho mekundu, akazima, akarudi, kikalia tena. Mwishowe akawaambia wahamishe kinu. Kinu kilikuwa pale kabla yake, gogo zima la mti, lakini waliliinamia watatu wakalivuta mpaka nyuma ya choo, na kutoka siku hiyo wakatwanga huko, mbali na mlango. Kamba ya nguo nayo ikahamishwa. Mzee Kibua alibeba kigoda chake akaenda kukaa barabarani.

Mwantumu aliyaona hayo yote. Jioni moja, akimtilia mumewe chai, alimwambia, "Mume wangu, ulianza na pikipiki. Sasa unatufunga na sisi."

Mhina alikuwa anasikiliza kama kuna mtu anapita uani.

Likaja jambo la mwisho, nalo lilikuwa dogo kuliko yote. Mhina alimleta fundi wa kuchomelea amjengee kizimba cha nondo. Fundi alifika na msaidizi wake, Mhina akiwa bado njiani na madumu. Bi Semeni aliwaona watu wawili wasiojulikana wameinama karibu na pikipiki ya Mhina, mtoto wa nyumba. Alisimamisha cherehani, akaenda kuwauliza wametumwa na nani, akakaa nao pale wasiguse kitu mpaka mwenyewe arudi. Mhina aliporudi alikuta fundi amekasirika na kazi haijaanza. Siku hiyo maziwa yalikuwa yamechelewa, na goti lilikuwa linamuuma. Alimwambia Bi Semeni mbele ya watu, "Bi Semeni, pikipiki yangu na wageni wangu havikuhusu."

Yule mama alikuwa na umri wa mama yake. Alirudi mahali pake, akaishika cherehani kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta, akaendelea kushona akiwa ameupa ua mgongo. Mhina aliona, na nitawaambieni ukweli, alifurahi. Alijiona sasa ana faragha. Kizimba kikajengwa, kikatiwa kufuli la tatu, na juu yake akatupia turubai ili mtu asijue ndani mna nini. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote.

Ulipita mwezi mmoja na nusu. Ijumaa moja Mwantumu alikuwa amekwenda kwao kwenye arobaini ya shangazi yake, na Mhina akaenda msikitini, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Aliacha kizimba kimefungwa, mnyororo umefungwa, gurudumu limefungwa, king'ora kimewashwa. Alipokuwa ameketi na wenzake wakisikiliza hotuba, alizigusa funguo zake mfukoni, akatulia.

Hotuba ikiwa katikati alisikia king'ora. Kililia kwa mbali, kikatulia, kikalia tena kwa muda mrefu. Alikitambua, maana mtaa mzima hakuna kingine kama hicho. Akajisemea moyoni kwamba ni paka. Hata yeye aliyekinunua alikuwa ameshazoea kutokisadiki. Kikanyamaza, na imamu akamaliza, na wakasimama kuswali.

Alirudi taratibu kwa sababu ya goti. Alipoingia uani aliliona turubai kwanza. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni, kama linavyokunjwa na mtu asiye na haraka. Mlango wa kizimba ulikuwa wazi. Kufuli lake na lile la gurudumu yalikuwa chini, yamekatwa shingo, na mnyororo umekatika vipande viwili, kipande kimoja bado kimeshikamana na pete kwenye zege. Pete ilikuwa imara. Fundi aliyeiweka alifanya kazi nzuri.

Mhina alitazama ndani ya kizimba kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji kutazama. Kisha akatazama ua. Bi Semeni alikuwa kwenye cherehani yake, anautazama ukuta. Nyuma ya choo watu walikuwa wanatwanga. Mzee Kibua alikuwa barabarani kwenye kigoda chake. Mhina alikuwa amempita wakati wa kuingia, na walikuwa wamesalimiana. Wote walikuwepo. Mhina akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi ila ya mtu anayeomba, kama kweli hakuna hata mmoja aliyewaona wezi.

Bi Semeni alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Aligeuka, na uso wake ulikuwa na huzuni, wala hapakuwa na kisasi ndani yake.

"Tuliwaona, mwanangu," alisema. "Walikuwa wawili, wamevaa ovaroli, mmoja akaniomba maji nikampa. Nilisimama niwaulize wametumwa na nani, nikakumbuka ulisema wageni wako hawanihusu, nikakaa."

Mhina alitaka kukasirika, na hasira haikuja. Angekuwa amewasikia wakimcheka, ingekuwa rahisi. Lakini yule mama alikuwa anafuta macho kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anakipinda, na Mzee Kibua, aliyeingia nyuma yake kwa mkongojo, alikuwa anasema kwa sauti ndogo kwamba walimpita na pikipiki wanaikokota, na wakamwamkia, na yeye akaitikia. Alijua ni ya nani. Alidhani inapelekwa kutengenezwa, na ilikuwa muda mrefu tangu mwenyewe amwambie jambo lolote la pikipiki. Mhina akaona haya. Aliona haya mbele ya watu aliowadhania wezi, ambao wezi walipokuja kweli waliwapa maji na kuitikia salamu yao kwa ajili yake, wakidhani wanamheshimu.

Alikwenda kituoni akaandikisha, akaambiwa asubiri. Wanaume wa mtaa walitafuta siku tatu kwenye barabara zote zinazotoka mjini. Haikuonekana.

Siku ya nne Mhina aliishusha baiskeli kutoka darini, akaipangusa vumbi, akafunga madumu mawili badala ya manne, akapanda vilimani. Mahali pa mwinuko alishuka akaikokota. Maziwa yalifika mjini jua likiwa limeshachanganya, na nusu yake ikakataliwa. Alirudi saa saba. Aliegemeza baiskeli chini ya upenu wa jiko, mahali pale pa zamani, akasimama. Alifungua kinywa aseme neno lile dogo, lakini lilikuwa zito. Neno ambalo mtu amekaa nalo miezi mingi bila kulisema haliji kirahisi. Alilisema kwa sauti ya chini sana.

"Mtaniangalizia."

Cherehani ilinyamaza. Kisha ikaendelea. Hakuna aliyejibu.

Mhina hakuingia ndani kulala. Alikwenda nyuma ya choo akaliinamia lile gogo la kinu peke yake. Alilisukuma kidogo, akapumzika, akalisukuma tena, goti likimtetemeka, jasho likimwingia machoni, na ikamchukua sehemu kubwa ya alasiri kulifikisha pale lilipokuwa zamani, ambapo alama yake ya duara ilikuwa bado inaonekana ardhini. Alipolisimamisha lilitoa kishindo, na kishindo hicho Bi Semeni alikisikia. Aligeuka akamwona ameketi chini kando ya kinu, ameshika goti, hawezi kunyanyuka. Alimtazama kidogo. Halafu akainuka, akaishika cherehani kwa mikono miwili, akaigeuza ikautazama mlango.

"Nenda kalale," alisema. "Tupo."

Kizimba bado kipo uani, na kuku hutagia humo. Pikipiki haikupatikana. Funguo tatu Mhina anazo hadi leo kwenye msumari ukutani, na hakuna hata mmoja uliobaki na kitu cha kufungua. Nanyi mnaonisikiliza, ambao kila mmoja wenu ana kitu anachokificha nyuma ya chuma, nawauliza hili tu: kati ya vyote alivyovifunga mtu huyu, ni kipi alichokifunga kwanza?