Mtani Asiye Mtani

Kidole kikijikwaa hufungwa kitambaa, kikapona. Ulimi ukijikwaa, utaufunga na nini? Elieth aliwahi hata kuandika insha juu ya jambo hilo, lakini kusoma ni kitu kimoja na kushika ni kingine.

Alikuwa binti wa Kigogo kutoka Kongwa, akisomea uhusiano wa kimataifa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga. Siku ya usaili, hofu ilimkaba hata chai ikamshinda. Nafasi ya mafunzo katika ubalozi wetu wa Addis Ababa ilikuwa moja tu, na wa kuitoa alikuwa Balozi Msafiri, mstaafu aliyesifika kwa ukali. Akikosa hiyo, hakuwa na nyingine.

Akipanda ngazi mbiombio alijikwaa, ukucha wa kidole gumba cha mguu ukang'oka.

"Mkosi huu, Dorothea!" alimlilia mwenzake wa chumbani, aliyekuwa amemsindikiza.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Basi ni heri hiyo! Halafu huyo mzee ni wa Iringa. Wahehe si watani zenu, mnaotaniana hata kwa vifo na makaburi? Mchangamkie tu."

Elieth aliingia akichechemea. Mbele yake walikaa balozi na walimu wawili.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Mbona unatetemeka? Nimekulia Iringa mimi, sili watu."

Moyo ulimruka kwa faraja. Hofu ikiondoka ghafla huondoka na akili.

"Kumbe mtani! Bado mpo tu? Mwenzio nimeshanoa jembe, niwachimbie kaburi wewe na wanao wote!"

Hakuna aliyecheka. Walimu waliinamisha vichwa. Balozi alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Baba yangu alikuwa Mpare, mwalimu aliyehamishiwa Iringa," mzee alisema. "Mimi si mtani wako, binti. Na kaburi la mwanangu hata kujengewa bado."

Elieth alipiga magoti. Alitaka kusema pole, alitaka kusema samahani, yakatoka yote mawili kwa pamoja yasieleweke.

"Inuka, nimekusamehe. Sasa swali. Mjumbe aliyetumwa nchi ya watu, afanye nini kabla ya kufungua mdomo?"

Jibu alilijua tangu mwaka wa kwanza. Alilitoa kwa sauti ya kuomba radhi: "Ajue kwanza anazungumza na nani."

"Umejibu vyema," alisema balozi, akavaa miwani. "Mimi nimesamehe, lakini mwenyeji utakayemkosea huko atasamehe?"

Addis Ababa alikwenda Fredy, mwanafunzi mwenzake aliyesailiwa baada yake. Mvua za kwanza zilipoinyeshea Dodoma, ukucha wa Elieth ulikuwa umeota, mzuri kuliko ule wa awali. Lakini kila alipotaka kusema darasani, aliuogopa mdomo wake mwenyewe. Wahenga hawakukosea: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.