Kata ya Maji ya Chini

Zamani hizo kila nyumba ilikuwa na shimo lake la taka nyuma ya jiko, na mto Nsingwa uliteremka kutoka kijiji cha Juu hadi kijiji cha Chini ukiwa haujabeba kitu cha mtu, isipokuwa majani makavu na vyura wavivu.

Huko Juu aliishi Kalekwa, mpika pombe ya mtama, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kuitia ng'ombe waliokwisha kuvuka bonde. Pombe yake ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa mdogo wake, Minza, aliyeolewa Chini: ya kwake ilikuwa nzuri zaidi. Wanaume wa Juu walipita mlangoni kwa Kalekwa, wakamwamkia kwa heshima kubwa, kisha wakateremka kunywa kwa Minza. Heshima hiyo ndiyo iliyomuuma. Afadhali wangepita kimya.

"Maji anayopikia yameshaniosha miguu," alikuwa akisema. "Mimi nachota kichwa cha mto, yeye anapata mkia. Sasa huo utamu anautoa wapi?"

Minza alipojifungua binti alimpa jina la dada yake. Habari zilipofika Juu, Kalekwa alisema, "Haya, alichukua wateja, sasa kachukua na jina." Hakwenda kumwona mtoto.

Wivu ule ulikaa ndani yake misimu miwili bila kazi. Msimu wa tatu ukapata. Asubuhi moja alijitwika kapu la taka, akalipita shimo lake, akaenda kumwaga mtoni: machicha, majivu, matumbo ya mbuzi, manyoya ya kuku. Mto ukachukua vyote bila kuuliza.

"Dada Kalekwa, ndiyo nini hiyo?" jirani alimwuliza.

"Napumzisha mgongo. Wewe endelea kuchimba mashimo, na mto huo unapita mikono mitupu."

Neno hilo lilipendwa. Kabla mwezi haujaandama, Juu nzima ilikuwa imefukia mashimo yake, na fundi wa ngozi naye akahamishia uozo wake ukingoni. Watu walimsifu Kalekwa kwa akili. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, sikio likiwa Chini.

Habari zikapanda taratibu. Kwanza, pombe ya Minza inanuka. Kalekwa akaongeza vyungu viwili. Kisha, watoto wa Chini wanaharisha. Kalekwa akaendelea kukoroga. Kisha mumewe mwenyewe, Luhende, mtu wa Juu tangu babu wa babu yake, akaanguka kwa ugonjwa wa Chini.

Mganga alimtazama ulimi. "Huyu amekunywa maji ya Chini."

"Huyu? Huyu akitoka hapa anakwenda kuangalia mitego."

"Mitego gani?"

Luhende akageukia ukutani. Miezi sita ya mitego, na nyumba ile haikuwahi kuonja hata sungura; Kalekwa alikuwa akimpa pole kila jioni. Mke mwingine angeuliza kama mumewe atapona. Yeye aliuliza, "Pombe yangu ina kasoro gani?"

"Haina," Luhende aliuambia ukuta. "Ila kule mtu anacheka."

Kesho yake Minza alipanda kilima, chungu kichwani, wazee wa Chini nyuma yake, akakitua mbele ya mtemi na watu wote wa Juu.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimeleta maji yenu. Mliyatuma, nami nayarudisha. Dada, jina lako limelala mkekani kwangu leo siku ya nne, halinyonyi." Akachota kata moja, akainyoosha. "Anayesema haya ni maji, aonje."

Watu wakakagua vidole vyao vya miguu. Mtemi akapatwa na kikohozi. Kalekwa akaona macho yote yakimwelekea Minza, hata ya Luhende, aliyeletwa pale amelazwa kwenye kitanda cha kamba. Wivu ukampanda hata saa ile: mdogo wangu huyu hata kulalamika analalamika vizuri kunishinda. Akainuka.

"Lete hapa. Mkubwa ni mimi."

Akaipeleka kata mdomoni. Juu ya maji ulielea unyoya wa madoa mekundu. Juu nzima hapakuwa na jogoo mwingine wa madoa hayo ila wake. Alijivunia sana jogoo yule mpaka siku aliyomchinja. Akanywa. Akanywa mpaka unyoya ukamgusa pua, ndipo akashusha kata.

"Ni mimi," alisema. "Nilianza mimi. Nilitaka pombe yake iharibike. Mtoto sikumlenga."

Alilala siku tatu sambamba na Luhende, wakipokezana chungu cha kutapikia, na waliopita nje wanasema waliwasikia wakicheka. Watu wa Juu wakachimba mashimo upya, wakauingia mto kutoa uozo kwa mikono. Kalekwa alipoweza kusimama, alimbebea mtoto maji ya chemchemi hadi Chini kila asubuhi, na aliyejitolea kumpokea mtungi alifukuzwa kwa matusi. Hakutaka mwingine apendwe na mtoto yule. Binti akapona, akanenepa.

Na tangu siku hiyo, anayetaka kuweka zizi, tanuri au chochote kando ya Nsingwa upande wa Juu, hupewa mbele ya watu kata ya maji yaliyochotwa Chini, na kila mwaka hupewa tena. Haulizwi maelezo. Anakunywa tu.

Juzi alikuja bwana mmoja wa kiwanda, viatu vinang'aa, ramani kwapani, akaeleza kutwa kwamba majitaka yake hayatamdhuru mtu. Walimsikiliza vizuri. Kisha bibi mmoja wa Chini, Kalekwa kwa jina, maana jina hilo kule halikatiki, akamletea kata.

"Kunywa, baba, ya leo ni matamu. Na mwakani, ukishajenga, uje unywe tena. Watoto wako uje nao."

Bwana yule alitazama kata, akatazama ramani, akakumbuka kwamba anangojwa mahali. Kata yake bado imetundikwa pale.